Siku Kiti cha Dereva Kilipokuwa Kitupu

Sauti ilifika kabla ya gari. Ilikuwa mvumo mrefu usiopanda wala kushuka, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya mkebe, na ulitokea upande wa barabara kuu ya Msambweni ukaruka ukuta wa karakana ya Baba kabla hatujaona hata vumbi. Baba aliinua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa akiishughulikia, akasikiliza, akasema, "Hizo ni tairi zinazolia," kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa wa fundi mwingine. Hakujua bado kwamba mgonjwa alikuwa wake. Mimi nilijua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikila hamri, nikaacha kutafuna kwa sababu nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua sauti ile ilikoanzia.

Ilikuwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na likizo ile yote ninaikumbuka kwa harufu mbili: grisi na mbata. Karakana ya Baba ilipakana na sakafu pana ya saruji ambapo zamani nazi zilianikwa zikauke. Mwenye sakafu aliiacha biashara hiyo, lakini kila jua lilipopanda saruji ilitoa harufu ya mafuta ya nazi kama vile inaota kazi yake ya kale. Baba aliichagua karakana ile kwa sababu ya sakafu ile. Gari haliwezi kupimwa miguu likiwa limesimama mahali palipoinama, alisema, na pale palikuwa sawa kupita sakafu zote za kusini mwa Likoni. Alilithibitisha hilo kwa mpira mwangavu uliojaa maji, akiushika ncha moja nami nyingine, tukilinganisha vimo vya maji kutoka pembe hadi pembe. Pembe moja tu ilikuwa chini, na hapo tuliweka kigae kimoja cha sakafu. Kigae hicho kilikuwa chini ya ulinzi wangu. Kila jioni nilikiosha na kukifungia kabatini, na ole wake aliyekikanyaga.

Watu walikiita kile alichokifanya Baba alaimenti, lakini yeye alikuwa na maneno yake mwenyewe. Kuna jinsi gurudumu linavyosimama, alinifundisha, na kuna jinsi linavyotazama. Kusimama ni kama mtu: anaweza kusimama wima, au akaegemeza kichwa ndani kidogo. Kutazama nako ni kama mke na mume: magurudumu ya mbele yakielekeza pua zao ndani, yanatazamana, yakizielekeza nje, yamenuniana. Gari la kwenda kazini na sokoni yafaa magurudumu yake yasimame karibu wima na yatazame mbele, ili tairi ziishe polepole na kwa usawa. Gari la mtu anayependa kuzichapa kona ni jambo jingine. Hilo huegemezwa vichwa vya magurudumu ndani kiasi, ili mwili wa gari unapolala kwenye kona, gurudumu la nje likanyage barabara kwa wayo mzima badala ya ukingo. Baba alinionyesha kwa kunikimbiza nikizunguka sakafu, akipiga kelele, "Tazama mguu wako! Tazama ulivyolala!" huku wapita njia wakishangaa baba gani huyu anayemwinga bintiye kama kuku.

Kupima kwenyewe kulifanywa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Baba aliuagiza Shimoni, kwa kuwa uzi wa pamba hunywa unyevu wa asubuhi na kulegea. Tulisimamisha vigingi vinne vya chuma, viwili mbele ya gari na viwili nyuma, tukaukaza mshipi pande zote mbili, kisha mimi nikapima kwa rula ya chuma umbali kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa ringi na ukingo wake wa nyuma. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo iliyokuwa ikituambia gurudumu linatazama wapi. Kusimama kwake tulikupima kwa timazi, ileile ya waashi. Lakini kabla ya yote, gari lilisukumwa mbele na nyuma mara tatu ili lijitulize, na ndani yake akakalishwa mtu mwenye uzito wa mwenye gari. Sharti hili Baba hakulilegeza hata siku moja. Gari tupu si gari, alisema, ni sanduku. Likipanda mtu linashuka, na likishuka miguu yake inabadilika. Na kwa kuwa wenye magari walikuwa na shughuli zao, kila mteja aliulizwa uzito wake, kisha akatafutwa jirani wa uzito huohuo. Hivyo mtaa mzima tulijuana kwa kilo. Kinyozi alikuwa sabini. Mama yangu alikuwa hamsini na nane na hakuruhusu itajwe. Na wateja wanene wote waliwakilishwa na Bi Mejumaa, muuza mahamri wa ng'ambo ya sakafu, aliyekuwa mia moja na mbili na akijivunia kila kilo.

"Fundi, leo mie ni nani?" aliuliza kila alipoitwa, akijifuta unga mikononi.

"Leo wewe ni Mwalimu Shaibu."

"Alaa! Mwalimu? Basi shikamooni, wanafunzi," alisema, akajitumbukiza kwenye kiti, na gari likashusha pumzi.

Mwalimu Shaibu alifundisha kemia Kwale na kuishi Msambweni, na kila siku alipanda kilima cha Kombani na kukishuka. Siku za kazi alitaka gari tulivu. Jumapili alitaka gari lingine kabisa, la kukamata kona za kilima kile kwa mwendo ambao hakumweleza mkewe. Alitaka magari hayo mawili yawe gari moja. Baba alifurahi kama mtu aliyepewa fumbo. Kwa siku mbili alichora kwenye makasha ya vipuri: kuegemeza vichwa kiasi hiki, si zaidi, tairi zisiliwe ndani, kutazamana kidogo tu, dereva asichoke njiani. Mimi nilikuwa karani. Daftari langu lilikuwa na mistari niliyoipiga kwa rula, na Baba aliwaambia wateja, "Huyu binti hakosei hata nusu milimita." Nililipenda neno hilo kuliko hamri lolote.

Siku yenyewe Baba alikuwa amelala chini ya gari akizungusha fimbo za usukani, Bi Mejumaa akiwa kitini, mimi nikiwa na rula. Namba zilikuwa karibu lakini hazikulingana. Upande wa kushoto ulizidi kwa kitu kidogo kilichoniudhi kama chembe ya mchanga kwenye wali. Ghafla harufu ya kuungua ikavuka sakafu. "Mahamri yangu!" alinong'ona Bi Mejumaa, akafungua mlango taratibu ili asimshtue fundi, akakimbia kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa kilo mia moja na mbili. Gari likainuka kidogo. Baba alikuwa akigonga kitu kwa nyundo na hakuhisi. Nikapima tena, na kushoto na kulia vikalingana kabisa. Sijawahi kuona namba nzuri namna ile. Niliziandika kwa wino.

"Soma," alisema Baba kutoka chini. Nikasoma. Akauliza, "Bi Mejumaa yupo ndani?"

Nilimwona Bi Mejumaa mbele ya karai lake, akipepea moshi kwa kanga. Nilijua kwamba nikisema hapana, angerudi, gari lingeshuka, na namba zangu zingeharibika. Nikajiambia kwamba mtu mmoja si kitu mbele ya gari zima. Nilifanya hata hesabu ya haraka kichwani, hesabu nzuri sana yenye kosa moja tu: niliigeuza mpaka ikanipa jibu nililolitaka. "Yupo, Baba," nikasema. Akakaza nati zote. Bi Mejumaa aliporudi na sahani ya mahamri yaliyoungua, akatukuta tunakunja mshipi. "Alhamdulillahi," alisema, "leo sikukaa sana." Baba alidhani anatania, akacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Wiki tatu baadaye ndipo ule mvumo uliporuka ukuta. Mwalimu Shaibu alishuka garini bila kutusalimia, jambo ambalo mwalimu wa pwani halifanyi ila ameumizwa. Aligeuza usukani, akatuonyesha tairi za mbele: zilikuwa zimeliwa ukingo wa ndani mpaka zikatoa nyuzi. Alipokuwa amekaa yeye ndani, magurudumu yale yalinuniana, na kila kilomita yalikuwa yakiburutana na barabara.

"Fundi, ulinipimia gari au ulinipimia jeneza?" alisema, na wateja watatu wakageuka kutazama. "Kona ya pili pale Kombani gari lilitaka kwenda kwake na mimi nataka kwenda kwangu!"

Baba aliinama, akapitisha kidole kwenye tairi, akakitazama kidole chake. Alimwomba radhi. Aliniomba daftari, akasoma namba zile nzuri mara mbili, akanirudishia. Hakunishuku hata kidogo. Ningefurahi sana kama angenishuku. "Basi ni uzi wa mshipi," alisema mwishowe, "au ni macho yangu." Mwalimu Shaibu alilipeleka gari lake Mombasa kwenye mashine, na Baba akautundika mshipi kwenye msumari. Tangu siku hiyo alifanya breki, alifanya klachi, lakini aliyetaka kupimwa miguu ya gari aliambiwa aende kwenye mashine, hapa hakuna mwenye macho. Alinunua hata miwani. Niliiona ikikaa juu ya pua yake mwaka baada ya mwaka, na kila nilipotaka kusema nilitafuta kwanza namna iliyo sahihi ya kusema, na sikuipata.

Sasa ninasomea shahada ya uzamili ya uhandisi, na tasnifu yangu inahusu makosa ya vipimo. Msimamizi wangu anadhani nilivutwa na hisabati yake. Nina gari dogo, na mwezi uliopita nililipeleka kwenye mashine yenye taa nne na skrini, nikaomba liwe tulivu mjini na imara konani, nikiwatajia vijana wa pale pembe kwa nyuzi na dakika mpaka wakatazamana. Mashine iliuliza muundo wa gari na mwaka wake. Haikuuliza anayeliendesha ni nani. Nilipewa karatasi yenye namba za kijani zilizolingana kushoto na kulia, nikaibandika juu ya meza yangu, na kwa wiki kadhaa niliitazama kwa mapenzi yaleyale ya zamani. Leo asubuhi, nikiwa njiani kwenda nyumbani Msambweni, nimepita Ng'ombeni, barabara imelowa kwa manyunyu, nikausikia. Mvumo mrefu usiopanda wala kushuka. Kwenye kona iliyofuata gari lilitaka kwenda kwake.

Halikwenda mbali. Lilipanda ukingo wa majani na kusimama mbele ya mbuzi mmoja aliyeendelea kula. Nilisahau hata kuzima wipa. Nililiingiza polepole kwenye uwanja wa duka pale Waa, nikatoka, nikapitisha kidole upande wa ndani wa tairi, nikakitazama kidole changu. Huenda mashine haina kosa. Huenda ni bushi, zile raba za kwenye miguu ya gari, zilizochakaa. Ningeweza kuandika kurasa kumi kuhusu uwezekano huo, na kwa robo saa niliziandika zote kichwani. Mashine ile inapima kwa uangalifu ambao rula yangu haikuufikia, sikatai. Lakini kule kwenye sakafu ya mbata, kabla ya kupima chochote, kuna mtu aliyeuliza kwanza nani atakayekaa. Namna sahihi ya kulisema jambo hili ilikuwa bado sijaipata. Nikapiga simu bila hiyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwanasha. Ushafika?"

"Bado. Baba, unalikumbuka gari la Mwalimu Shaibu?"

"Nitalisahau vipi?"

"Siku ile Bi Mejumaa hakuwa ndani. Mahamri yaliungua, akatoka. Uliniuliza, nikakudanganya. Namba zilikuwa zimetoka nzuri."

Nilisikia nyundo ikiwekwa chini. Nikafumba macho.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "nimeyalaumu macho yangu. Nikavaa na miwani!" Kisha sauti yake ikaondoka kwenye simu ikavuka sakafu nzima: "Mejumaa! We Mejumaa! Si uzi! Wallahi haukuwa uzi!"

"Nini tena, Fundi?" sauti ilijibu kwa mbali.

"Ni mahamri yako! Mahamri yako na huyu karani wangu!"

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikalia mbele ya mwenye duka, ambaye kwa adabu aligeuka akapanga vibiriti. Baba aliporudi kwenye simu alikuwa mkali kidogo, ukali wa fundi. "Na hilo gari lako, walipolipima, nani alikuwa ndani?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Unaona? Sanduku!" Nikasikia kitu kikikwaruza ukuta, kama mtu anayetoa kitu kwenye msumari. "Njoo polepole. Kigae chako kipo kabatini. Siku hizi una kilo ngapi?"

"Sitini na nne," nikasema. "Na nusu."

Kabla hajajibu, sauti ya Bi Mejumaa ikaingia karibu kabisa na simu, ikihema kwa mwendo aliotoka nao karaini kwake. "Mwambie safari hii akae yeye humo ndani, na asitoke," alisema. "Rula nipe mie. Leo nasoma mimi!"