Mvua ya Jumapili

Miaka ya themanini nilifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo kando ya barabara ya Mombasa. Niliingiza madaftari ya mvua kwenye kompyuta, nayo ikakuza mahindi ya kuigiza: yakaota, yakanyauka au yakazaa, msimu mzima kwa dakika chache. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Mwaka mmoja niliingiza daftari la kwetu Matinyani. Mama alizoea kupanda kwenye udongo mkavu, kabla ya mvua ya Novemba. Kompyuta ilisema mbegu zikipandwa hivyo zitaota halafu zife kwa kiu, heri asubiri wiki mbili mvua ishike. Mama alikuwa na debe moja tu la mbegu. Nilienda nyumbani nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma," akalirudisha debe ndani.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi nilipolifungua tena lile daftari. Kila Jumapili ilikuwa sifuri, miaka yote. Nilikuwa nimeziona sifuri hizo nikazipita, maana kwetu Jumapili hata jembe halishikwi. Nikajaza Jumapili kwa kukisia. Mahindi ya udongo mkavu yakapona.

Usingizi uliniruka. Asubuhi nilisafiri hadi nyumbani, nikaanzia kwa mzee wa kanisa aliyesoma kipima mvua.

"Jumapili ni siku ya Bwana, siandiki," aliniambia bila wasiwasi. "Hiyo maji namwaga Jumatatu asubuhi, naanza upya."

Sikuweza kumkasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe. Mashamba yote njiani yalikuwa na mahindi ya urefu wa kidole, na la mama lilikuwa jekundu, tupu.

"Mwaitu, kompyuta ilikosea," nilimwambia mama.

"Na nani aliambia hiyo kompyuta Jumapili hainyeshangi?"

"Ni mimi."

Alitoa debe, tukapanda siku hiyohiyo kwenye matope. Mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na hatukuvuna hata hindi moja lililojaa.

Mama alikuwa mtu wa wokovu. Tangu utoto sikuwahi kumsikia akidanganya. Jirani alipomuuliza mbona mwaka huo alichelewa kupanda, nilikuwa nimesimama papo hapo kando yake.

"Nilikuwa mgonjwa," alisema.