Sombe ya Mukono ya Kushoto

Sijui kama hii inafaa kuandikwa, na mimi shule niliiachia njiani. Lakini kila nikisikia mutu anatwanga sombe, majani ya muhogo, hapa Bunia nacheka peke yangu, basi naandika.

Nilipoolewa, mama mukwe aliniambia nyumbani mwake chakula hakiguswi na mukono ya kushoto. Hakuwa mubaya; aliogopa wageni watasema nini. Nikajilazimisha na ya kuume. Kwa muda mufupi nilivunja sahani mbili na kumwanga mafuta ya mawese. Niseme haki: sahani moja ilikuwa na sabuni, ingemuponyoka mutu yeyote.

Shida kubwa ilikuwa kwenye kinu. Siye tunatwanga wawili, mumoja anainua, mwingine anashusha. Muchi wangu ulichelewa, ukamupiga mama mukwe kidole gumba. Akakifunga kitambaa, akawaambia majirani muke ya mwana wake anamutafuta na muchi.

Kisha wakwe wa wifi yangu wakatuma habari kwamba watakuja siku ya yenga, Jumapili. Mama mukwe akasema sombe ya wageni ataitwanga na jirani. Hapo niliumia. Bibi mupya ambaye jirani anamutwangia sombe, yeye mwenyewe ni mugeni. Nikamuomba anijaribu mara moja tu.

Akaangalia kidole chake muda murefu.

«Haya, twanga na ile yako. Lakini ukiniua, unizike na ya kuume.»

Tukaanza. Michi ikagongana tena. Nikajua nimekwisha, pengine kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, si la mukono. Lakini yeye hakuniacha. Alizunguka kinu, akasimama upande mwingine, akapanga miguu yake upya.

Michi ikapitana. Ta-ta, ta-ta, majani yanalainika, jasho linatutoka, na sisi tunaongeza mwendo kama watoto. Jirani akachungulia juu ya ukuta wa lupango, akauliza tuko watu wangapi. Mama mukwe akacheka mpaka akashikilia kinu. Sikuwahi kumuona akicheka vile.

Siku ya yenga wageni walikula, wakaongeza. Mama mumoja akauliza sombe laini hivi imetwangwa na nani.

«Siye wawili,» mama mukwe akasema, akaniangalia. «Weye, ongezea wageni.»

Nilijua bado anaogopa wageni wakiona mukono ya kushoto, na woga wake haukuwa bure. Nikabeba sahani na mikono miwili.