Tangi la Kifuniko cha Bluu

Watu wa Bisibo walimsifu Sostenes kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kuuliza. Ukimpelekea baiskeli, pikipiki au mashine ya kusaga, hakutaka kujua imeanza kuharibika lini wala inapiga kelele gani. Aliinama, akaisikiliza, akaifungua. Shule aliishia darasa la saba, na ufundi aliupata kwa kumshikia mjomba wake spana kwenye mashine ya kusaga ya Biharamulo mjini. Kwa maneno alikuwa mzito. Kwenye jumuiya alikaa karibu na mlango, na akiombwa kusoma somo alisingizia miwani. Basi watu wakasema, "Fundi haulizi, fundi anajua." Naye akaivaa sifa hiyo miaka mingi, akasahau kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Lori lilikuja mwaka juzi, mwezi wa saba. Lilitoka Ireland, zawadi ya parokia rafiki kwa chama cha wakulima cha pale Bisibo. Siku ya kulipokea, Mwalimu Magdalena anayefundisha sekondari aliisoma barua mbele ya ghala huku akiitafsiri. Lori lilikuwa la kampuni ya kusambaza maziwa. Nchi za Ulaya, barua ilisema, zimekubaliana kupunguza gesi za magari zinazoongeza joto duniani. Sheria zinakazwa mwaka hadi mwaka, na kampuni ile imeanza kununua malori ya umeme. Hili la dizeli lilikuwa bado zima, ila halikuwa na kazi tena.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Shibuda, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, aliinua fimbo.

"Mwalimu, nisaidie. Wao wamelikimbia kwa ajili ya moshi?"

"Kwa kiasi fulani, mzee."

"Na sisi tumeupokea huo moshi kwa vigelegele."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akaeleza. Ile gesi ya joto hutoka popote dizeli inapoungua, na hilo hakuna wa kulizuia. Lakini moshi una sumu nyingine, ile inayokwaruza vifua vya watu, na lori hili lina mtambo wa kuisafisha. Akawaonyesha tangi dogo ubavuni, lenye kifuniko cha bluu. Humo huwekwa maji maalumu ambayo madereva wa malori makubwa huyaita adibluu. Yakiisha, taa huwaka mbele ya dereva. Yakiwekwa mengine yasiyo yenyewe, mtambo hufa.

Ndipo akamgeukia Sostenes. "Fundi, kitabu cha lori ni cha Kiingereza. Jioni nikitoka shule nipite kwako tukisome pamoja? Kurasa zenyewe si nyingi."

Macho yote yakamwangukia. Mwalimu Magdalena alikuwa na umri wa binti wa kwanza wa Sostenes.

"Nimeshaelewa, mwalimu," Sostenes akasema. "Gari ni gari."

Watu wakapiga makofi. Kitabu akakipeleka nyumbani, akakifunga kwenye nailoni na kukiweka chini ya spana zake.

Dereva alichaguliwa Fabiani, kijana wa miaka thelathini na minne, mtu wa taratibu. Alifuta kioo asubuhi na jioni. Abiria wa kukaa juu ya mizigo hakupakia, hata akiwa shemeji yake. Maji ya adibluu yalikuja pamoja na lori, madumu kumi na mawili. Kazi ya Sostenes ilikuwa kumwarifu mwenyekiti mapema, kabla hayajaisha, ili mengine yaagizwe Mwanza.

Lilipobaki dumu moja alikwenda kwa Mzee Shibuda. Akakuta wageni. Akasalimia, akapewa kiti, akanywa chai, akasikiliza habari za mahari hadi mwisho, akaaga. Hakusema kilichompeleka. Kurudi kesho yake aliona haya, na keshokutwa haya zikawa zimeongezeka, maana sasa angeulizwa kwa nini hakusema juzi.

Mwezi wa kwanza, maharage yakiwa yanavunwa, Fabiani alifika karakana.

"Mzee fundi, ile taa imewaka. Na keshokutwa nina mzigo."

"Niachie."

Alipobaki peke yake, Sostenes alilizungusha dumu tupu mikononi. Maneno ya Kiingereza yalikuwa mengi, lakini moja alilijua: urea. Mfuko wenye neno hilohilo ulikuwa chumbani, mbolea ya mahindi ya mkewe Marsiana. Akapima makopo matatu. Akachemsha maji ya kisima, akayapoza, akakoroga, akachuja kwa kitenge mara mbili. Maji yakatoka meupe, yana harufu ya kuchoma pua. Alijiona kama mtu aliyegundua siri ya wazungu: kumbe maji yao yote yale ni mbolea tu. Akayamimina kwenye tangi, na Fabiani alipowasha lori, taa ikazimika.

"Afadhali. Umeyapata wapi, mzee fundi?"

"Kwa jamaa wa malori ya Rwanda, pale Nyakahura."

Kuchanganya yale maji kulikuwa ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Lakini jibu lile lilikuwa uongo, nalo lilimtoka bila kukwama, yeye ambaye maneno yote humkwama.

Safari mbili zilipita salama. Ya tatu, lori likiwa limejaa maharage ya wanachama, lilikosa nguvu kwenye kilima kabla ya kufika Biharamulo mjini. Likatambaa, likasimama. Mvua ikanyesha siku mbili, turubai likavuja, na magunia yaliyokuwa pembeni yakaanza kuota.

Akaitwa fundi kutoka Mwanza, kijana mwenye kompyuta. Alichungulia, akasonya, akaukata mtambo wote wa kusafishia moshi na kuutupa kwenye majani, kisha akafunga kifaa cha kulidanganya lori kwamba bado linao. "Umeziba kwa uchafu," akasema. "Vitu hivi waachieni wenyewe huko Ulaya." Lori likanguruma, na moshi mweusi ukapanda juu ya migomba. Watu wakashangilia. Sostenes aliutazama ule moshi mpaka macho yakamuuma.

Neno "uchafu" likafika kwenye kikao cha chama kabla ya watu kukaa. Uchafu wa nini, kama si wa mafuta? Na nani asiyewajua madereva? Wanauza dizeli njiani na kujazia mafuta ya taa.

"Sijawahi kuuza hata kikombe," Fabiani akasema.

"Wote husema hivyo," mama mmoja aliyepoteza magunia manne akajibu.

Mzee Shibuda akagonga fimbo chini. "Tusibishane. Fundi tunaye. Sostenes, wewe tuambie, uchafu ule uliingilia wapi?"

Sostenes akasimama. Maneno aliyokuwa nayo moyoni yalikuwa matatu tu: niliweka mbolea, nisameheni. Aliwaona watu wanavyomtazama, jinsi walivyotulia kwa kumwamini.

"Uchafu," akasema, "mara nyingi huja na mafuta."

Akakaa. Fabiani alikuwa bado anamtazama, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Sentensi haikuendelea. Dereva akanyang'anywa ufunguo pale pale.

Siku ya mnada, wauza mitumba walimwita Fabiani "Bwana Mafuta ya Taa". Watoto wakalidaka jina. Mkewe akawa anakwenda kisimani mchana wa jua kali ili asikutane na wenzake. Mwezi haukuisha, wakafunga virago na kuhamia Murusagamba, kwa wazazi wa mke.

Sostenes aliendelea kuletewa mashine. Kila aliyemletea alimsifu: "Ungekuwa si wewe, yule kijana angetumaliza." Hakujibu, nao wakauchukua ukimya wake kuwa ni unyenyekevu. Akaacha kula mbele za watu. Usiku usingizi ulimpaa.

Jioni moja Marsiana alikuwa anachambua mchele. "Mbolea yangu imepungua," akasema bila kuinua uso. "Na panya hawali urea."

Sostenes akamweleza. Marsiana alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na ungo.

"Kumbe nimeolewa na mwizi."

"Makopo matatu, mama Frednand. Nitakurudishia."

"Sisemi mbolea," akasema Marsiana. "Nasema jina la mtoto wa watu."

Alfajiri ya Jumatano Sostenes akapanda basi, akashuka, akachukua pikipiki, akapigwa na vumbi la barabara mbovu mpaka Murusagamba. Alimkuta Fabiani kwenye mteremko, anasukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi. Fabiani alimwona, akaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa barabara.

"Shikamoo, mzee fundi."

Sostenes akamsogelea. Alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Mimi ndiye niliyeliua lile lori," akasema. "Yale maji niliyatengeneza kwa mbolea."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ile kilimani nilifungua kifuniko, nikakuta unga mweupe umeganda. Nimelima mahindi, mzee. Harufu ile naijua."

"Sasa kwa nini kikaoni hukusema?"

Fabiani akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Niseme mimi? Mshitakiwa amtaje fundi asiyekosea? Wangenipiga. Nilikungoja wewe. Uliposimama nikamshukuru Mungu. Ulipokaa, nikajua nimekwisha."

Sostenes akatazama chini. Matope ya barabara yalikuwa yamekauka kwenye ndala za Fabiani.

"Nitamwambia mwenyekiti."

"Mwambie. Lakini jina langu halikufia kwa mwenyekiti. Lilifia mnadani. Kalisemee mnadani."

"Fabiani, mwanangu, unanijua. Mimi mbele za watu siwezi kusema."

"Kikaoni uliweza," Fabiani akasema, akaishika baiskeli yake. Hakumkaribisha nyumbani.

Mnada wa Bisibo ulikuwa Jumamosi. Asubuhi na mapema Sostenes alikwenda kwa Mzee Shibuda, na safari hii hakungoja chai. Mzee alisikiliza, mabega yakaanza kutikisika.

"Mbolea! Ulitaka lizae malori madogo?" Kisha kicheko kikamkatika. "Na ufunguo nilimnyang'anya kwa mkono wangu huu." Akachora chini kwa fimbo. "Sikiliza, Sostenes. Mambo haya hayana haja ya kelele. Tutamwandikia barua, nitaweka muhuri, arudi kazini. Wewe ni fundi wetu. Tukikuvunjia heshima, mashine zetu nani atazitazama?"

Ulikuwa mlango, na umefunguliwa na mkubwa. Sostenes aliona jinsi angeweza kupita hapo na kurudi karakana kabla jua halijawa kali. Angebaki kuwa fundi asiyeuliza.

"Mzee, barua itasomwa na wangapi?" akauliza.

Shibuda akaifuta michoro yake kwa mguu, na Sostenes akaaga.

Mnadani palikuwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti, Wiston, anayeuza dawa ya panya. Sostenes alisimama mbele ya meza yake kwa muda mrefu, mpaka Wiston akamwuliza panya wake ni wangapi.

"Naomba hicho chombo," Sostenes akasema. "Nina tangazo."

"La msiba?"

"Ndiyo," akasema, kisha akajikosoa, maana uongo ulikuwa umeanza tena. "Hapana. Si la msiba. Ni langu."

Akakishika. Sauti yake ya kwanza ilitoka kama ya mtu mwingine, ikamshtua, akakishusha. Akakiinua tena.

"Mimi ni Sostenes, fundi. Lile lori la chama halikuharibiwa na Fabiani. Fabiani hakuuza mafuta. Niliweka maji ya mbolea kwenye tangi la dawa ya moshi kwa sababu sikujua, na niliona haya kuuliza. Kikaoni nikanyamaza. Fabiani si mwizi."

Wauza mitumba waliokuwa karibu waligeuka. Mmoja akaangua kicheko. "Fundi, ulipalilia pia?" Wengine wakadakia. Yule mama wa magunia manne alikuwa kwenye nyanya, hakucheka. Alimtazama Sostenes tangu miguuni hadi kichwani, akatema mate pembeni, akarudi kupanga nyanya zake. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu anamrekodi. Sostenes alihisi uso unawaka, na jasho likimshuka mgongoni hadi mkandani. Alitamani ardhi ipasuke, ila ardhi ya Bisibo ilikaa vilevile, ngumu, na watu juu yake wakisubiri aseme lingine la kuwachekesha.

Wiston akanyoosha mkono. "Umemaliza, fundi? Wateja wangu wanaondoka."

Sostenes akatazama ng'ambo ya mnada, kule kwenye ng'ombe, ambako wanaume walikuwa wengi zaidi na upepo ulikuwa unavuma kutoka huko.

"Bado," akasema. "Wale hawajasikia."

Akakumbatia kipaza sauti, akaanza kupita katikati ya watu kuwaendea. Wiston akamfuata nyuma, akilalamika.