Ripoti ya Michembe Iliyotundikwa Msumarini

Mwaka huu tunaokula michembe ya mwaka juzi, maana mvua zisizokoma zimeozesha viazi vyote shambani, ndio mwaka alioondoka muuza michembe wa Maganzo. Amefariki Jumapili, usingizini, ameshiba. Kifo cha hivyo mimi nakiombea. Mnanijua, mimi bibi niliyeishia darasa la nne, kulia kwenye karatasi siwezi. Nitamcheka tu, maana kuchekwa alikupenda.

Nilikuwa mteja wake, nikitoka Kambarage kufuata vile viazi vyake vya kukatwa na kuanika. Mama yule adui yake alikuwa mmoja: fukusi. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, michembe yake ilikuwa imeliwa ikabaki unga, na watoto wake wakilalia uji wa kuazima. Basi akatokea kijana wa chuo kikuu, anawauliza akina mama, kuanzia Maganzo hadi vijiji vya Geita, wanavyokausha na kuhifadhi michembe. Mama alimjibu asubuhi nzima, akamfungia na bakuli la michembe ya karanga ale njiani. Kijana akaondoka na majibu, na bakuli akaondoka nalo. Misimu ikapita, fukusi wakaendelea kula.

Siku aliporudi nilikuwepo gengeni, nabishania bei.

"Shikamoo, mama. Nimekuja na maswali mengine."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Yale ya kwanza yaliishia wapi?"

"Yamo kwenye ripoti, mama. Iko maktaba ya chuo."

"Nikienda watanipa?"

Kijana akajikuna kisogo. "Mpaka uwe na kitambulisho cha chuo."

"Hee! Maneno ya kinywa changu, niyaone kwa kitambulisho? Yameiba nini mpaka yafungwe?"

Genge zima likaangua kicheko. Kijana akatoa kanga na kilo ya sukari, mama akavisukuma pembeni. "Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, na langu halikurudi hata likiwa tupu. Swali jipya silijibu kabla jibu la zamani halijarudi."

Akaondoka amenuna. Lakini kabla pamba haijaanza kuchumwa tulimwona tena, ameshika ripoti iliyoandikwa upya kwa Kiswahili chepesi, na bakuli limejaa dagaa. Ikasomwa kwenye ghala la pamba, katekista akitafsiri Kisukuma. Ndipo tukasikia kwamba wenzetu wa upande wa Geita huitia michembe kwenye mitungi, wakaifunika kwa majivu na kuziba mdomo kwa udongo, nayo huvuka misimu miwili bila fukusi. "Kumbe dawa yangu wanayo wenzangu," mama akapiga kelele, "na ilikuwa imelala chuoni!" Vigelegele vikafuata. Akaitoboa ile ripoti, akaitia kamba, akaitundika kwenye msumari mlangoni kwa mzee wa Kihindi mwenye duka.

"Mama, hapa duka, si shule!"

"Baba, wakija kusoma watanunua chumvi."

Na kweli, wakanunua. Asiyejua kusoma alisomewa na aliyefuata mafuta ya taa, mpaka karatasi zikawa nyeusi kwa vidole.

Mjukuu wangu yuko chuo kikuu Dar es Salaam, jambo ninalolitaja kila wiki na nitalitaja tena. Ananiambia baadhi ya walimu wao sasa wanataka utafiti uwekwe kwenye kompyuta, asome yeyote, bila ada wala kitambulisho. Nikamwambia, kumbe ni msumari wa Maganzo, wameurefusha tu! Eti wapo wanaobisha kwamba elimu itashuka thamani. Hawa ni walaji wa michembe ya wapi? Ile dawa ya marehemu ilijulikana na kila mtu, na mwaka huu wa viazi kuoza mitungi ndiyo inayotushibisha, hadi watoto wake, hadi wajukuu zake. Jirani akija kuchota kaa la moto, jiko lako halipoi.

Juzi huyo mjukuu alikuja likizo, kalamu mkononi. "Bibi, nafanya utafiti. Nina maswali kidogo kuhusu kilimo cha pamba zamani." Nampenda kuliko macho yangu. Ila mwaka jana aliniuliza habari za ng'ombe wa mahari tangu asubuhi mpaka ugali ukaungua, na mpaka leo sijasomewa hata mstari. Nikamsogezea sahani ya michembe, nikamwacha atafune kwanza, kisha nikamwambia: "Swali jipya silijibu kabla jibu la zamani halijarudi."