Lorna Asimamishwa Bila Bima

Kwao New Hampshire, Lorna Thibodeau aliendesha gari miaka yote bila bima, na sheria haikumkataza. Alipohamia jimbo jirani la Maine kumuuguza dadake Yvette, hakujua kwamba huku mambo ni mengine. Asubuhi moja, wakielekea kliniki Yvette akasafishwe damu kwa mashine ya figo, polisi akawasimamisha.

"Mama, naomba bima ya gari."

"Kwetu hatukati bima," Lorna akajibu.

"Hapa ni lazima. Gari hili haliendi popote."

Lorna akamtazama dadake, miguu imemvimba, pumzi inamkatika. "Akiikosa mashine leo, atanifia."

Polisi akachungulia ndani. "Mhamishie kwenye gari langu, niwapeleke. Faini nitakuandikia hukohuko kliniki."

Njia nzima Lorna aliushika mkono wa Yvette, akiogopa kuuachia. Hata walipofika kliniki na mashine ikaanza kunguruma, moyo wake haukutulia.