Gari Lililokuwa Nje kwa Dhamana

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, gari langu jekundu likiwa limekufa mbele ya boma la baba huko Merigi, nami nimesimama kando yake nikitunga uongo. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umenunua gari jipya la spoti, la milango miwili, na kwamba tayari kuna fundi amekuahidi kuliongezea nguvu. Keti kwanza. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa mkimbiaji. Nilishinda mbio moja tu ya maana, ng'ambo, nikarudi nikanyweshwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, mbele ya kijiji kizima, na zawadi yote nikaimalizia kwenye gari. Baba alitaka ninunue ng'ombe na kashamba ka chai. Mimi nilitaka kitu ambacho kikipita Litein hata wachumaji chai wainue vichwa. Ujana ni moshi, na wangu ulikuwa ukitoka kwa kasi. Tena goti lilikuwa limeanza kuniuma, jambo ambalo sikumwambia mtu. Moyoni nilijua sitashinda tena. Gari lile ndilo pekee nililokuwa nimelipata kwa miguu yangu, na nililipenda kupita kiasi.

Muuzaji kule Nairobi alinipa kijitabu cha waranti, akanisomea ukurasa mzima kama mhubiri. Rimu na tairi badilisha, mradi saizi iwe kwenye orodha yetu. Viti na redio, sawa. Lakini injini na kompyuta yake usiguse kabla hujatuandikia nasi tukakujibu. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, macho yangu yakiwa kwenye ufunguo.

Baada ya wiki chache nikampata fundi aliyefungua kompyuta ya injini kwa laptopu yake, akaipa turbo pumzi zaidi. Sitakudanganya, mwanangu, ilikuwa tamu. Gari lilipanda milima ya Kericho kama linateremka. Raha hiyo ilidumu mwezi mmoja. Siku moja, nikikaribia nyumbani, nikasikia injini inagonga, kisha moshi, kisha kimya. Likavutwa na lori la majani chai hadi kwetu, na wale wachumaji waliinua vichwa kweli kweli.

Asubuhi iliyofuata nikamwita fundi yule yule aje airudishe kompyuta ilivyokuwa, ili kampuni isijue. Akachomeka waya wake, akafuta alichofuta, akaenda. Hapo ndipo baba alipotoka zizini na ndoo ya maziwa. Alikuwa mzee wa kijiji, na kituo cha polisi alikijua kuliko alivyojua magari.

"Sasa nani atatengeneza hii kitu?" akauliza.

"Kampuni, baba. Iko na waranti."

"Waranti ni nini?"

"Ni dhamana."

Akaiweka ndoo chini. "Dhamana? Kwani gari ilikuwa imeshikwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwake dhamana ilikuwa jambo moja: kumsimamia mtu kituoni ili alale kwake akingoja kesi. Alikuwa amewasimamia vijana wengi wa pale.

"Kuna mmoja alisemekana ameiba ndama," akasema. "Aliambiwa asiende Soin, kwa sababu shahidi anakaa huko. Akaenda. Akamfundisha shahidi vile atasema. Dhamana ikafutwa, na mimi nikasimama mbele ya watu kama mimi ndio mwizi. Sasa niambie, weri, kijana wangu, hiyo kampuni ilikukataza nini?"

"Kugusa kompyuta."

"Na huyo fundi ametoka hapa saa hii, alikuwa anafanya nini?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye boneti.

"Umeenda kuongea na shahidi," akasema, akachukua ndoo yake. Alipofika mlangoni akaongeza bila kugeuka, "Na hilo goti, utaniambia lini?"

Mwanangu, nimewahi kushindwa mbio mbele ya maelfu ya watu, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa nimeficha vitu viwili, na mzee wa kukamua ng'ombe alikuwa ameviona vyote.

Njia ya mwongo ni fupi; yangu ingekoma Nairobi. Nililipandisha gari kwenye lori, na kabla mkaguzi wa kampuni hajafungua boneti nikamweleza yote. Alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye miwani. Akachomeka waya, akanionyesha kwenye skrini kwamba kompyuta ilikuwa imeweka alama kila mara ilipofunguliwa, hata ile mara ya kufuta. "Ungeninyamazia," akasema, "ningeandika kwamba umetudanganya, na hapa kwetu tusingesikizana tena."

Injini hawakuitengeneza, wala sikuwalaumu. Giaboksi, breki na mengine ambayo hayakuguswa yalibaki chini ya dhamana. Ila sikuwa na pesa ya injini, gari likarudi kukaa kwa baba miaka mitatu, kuku wakitagia kiti cha nyuma, na siku liliponguruma tena, muda wa dhamana hiyo ulikuwa umekwisha.

Sasa, sikukatazi kulipamba gari lako. Ni lako, na wewe ni kijana. Nasema kijitabu kisomwe kabla ya kumwona fundi, si baada. Anza na rimu zilizo kwenye orodha yao, au springi wanazokubali wao wenyewe, maana matuta yetu unayajua. Ukitaka nguvu ya injini, waandikie ungoje jibu la maandishi. Maneno ya simu hakuna anayeyakumbuka. Kuuliza si ujinga. Kifaa kilichokuja na gari ukikitoa, kitunze, usikiuze Litein. Na siku likiharibika, wapigie waliokudhamini kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, useme ulichofanya kwa mdomo wako mwenyewe. Anayekudhamini ameweka jina lake mahali pa jina lako. Ukilichezea, unamchafua yeye kwanza, kisha unabaki peke yako na chuma.

Nenda basi. Mungu akupe mkono mtulivu kwenye usukani na ulimi mwepesi wa kusema kweli. Barabara ikuchukue vizuri asubuhi, na jioni ikurudishe kwa mama yako ukiwa mzima.