Siku nilipomwonyesha mwalimu ghala yangu

Vita ilipofika, niliwaambia watu wa kanisa letu hapa Kamina basoda, wale askari, balibeba mahindi yangu yote, wakanichangia unga. Miye shule sikumaliza, lakini mwalimu wetu wa Kingereza, yule muntu iko na kichwa! Jumapili moja, kanisani, alitueleza neno garner, yaani kukusanya na kuweka: zamani njo lilikuwa jina la nyumba ya nafaka, Waingereza waliliazima kwa Wafaransa, ndugu ya neno letu la Kifaransa, grenier. Ile elimu ilinipendeza mpaka nikasimama: "Mwalimu, mukuye bote, muone ghala ya kweli, nilijenga mwenyewe!" Tukaenda. Nikafungua kwa majivuno, mahindi yakamwagika miguuni pa mama mchungaji.

"Ee, tata," akasema, "basoda balirudisha?"